Chombo cha Kuazima

Ukikiazima kitu cha mtu kisha ukakiyeyusha, je, bado ni chake?

Swali hili sikulitunga mimi. Niliulizwa, kwa maneno mengine, mchana kweupe, nimesimama mbele ya tanuri, na jibu nililolitoa ndilo lililonifikisha hapa nilipo. Lakini kabla hatujafika kwenye tanuri, yafaa nieleze nchi ilivyokuwa, maana walio mbali na vita hudhani vita ni kishindo. Sisi kishindo hatukukisikia kamwe. Kwetu vita vilikuwa ni viwanda kuambiwa viache vilichokuwa vikitengeneza na vitengeneze kitu kingine.

Kiwanda cha saa kilielekezwa kwanza. Wizara iliona kwamba vile vigurudumu vidogo vinavyosukuma mshale vitafaa zaidi ndani ya bomu, ambako vitahesabu vilevile, ila vitahesabu mara moja tu. Saa za ukutani zikavunjwa, za mkononi zikakusanywa kwa magunia, na ile kubwa ya sokoni ikashushwa kwa kamba huku watu wamevua kofia. Tangu hapo hakuna aliyejua muda. Tulikula tulipoona njaa. Mtu akikuambia atakuja kesho, ulimwitikia kwa adabu tu. Wapo walioapa kwamba vita vina miaka mitatu, wapo walioapa thelathini, na kila upande ulikuwa na watoto wa kuonyesha kama ushahidi.

Kikafuata kiwanda cha vioo. Vioo vya kujitazamia viligeuzwa taa za kumulikia ndege za adui, na kwa kuwa amri ilikuwa kamili, hata vile vya majumbani vilikwenda. Mwanzoni watu walijichungulia kwenye ndoo za maji. Baadaye wakaacha, kwa sababu uso usiouzoea unakuwa wa mtu mwingine, na kumchungulia mtu mwingine ndani ya ndoo si tabia njema. Aliyekuwa na mke, mke alimwambia alivyo. Aliyekuwa na watani, watani walimwambia zaidi. Mimi sikuwa na mke wala mtani, na kinyozi wangu, ajabu kwa kinyozi, hakuwa msemaji. Nikabaki sijijui.

Sitayataja yote. Kiwanda cha viatu cha mji mmoja kiliagizwa kitoe vya kulia tu, na cha mji wa pili vya kushoto, ili kazi iende mbio. Kisha kile cha pili kikapigwa bomu. Nchi ikachechemea. Wizara ikatangaza kwamba kuchechemea ni uzalendo, na kweli, wale waliotembea sawasawa walianza kutazamwa kwa jicho baya.

Karatasi nayo ilikwenda kufungia baruti, na hapo ndipo tulipozaliwa sisi Waelekezi. Amri haikuweza kuandikwa tena, kwa hiyo ilisemwa sikioni mwa mtu, mtu akapanda gari, akaenda kuisema kiwandani. Mimi nilikuwa karatasi. Nasema bila uchungu. Karatasi njema haina maoni juu ya kilichoandikwa, haiongezi, haipunguzi, na ikishasomwa hukunjwa. Nilikuwa na chumba, kitanda, na dereva aitwaye Tindwa, mtafunaji wa karanga, ambaye aliyatema maganda dirishani bila kujali upepo unatoka wapi. Mengi yalinirudia mimi. Sikulalamika.

Mkuu wa Wizara alisema nasi akiwa nyuma ya pazia. Mara sauti yake ilikuwa ya kizee, mara ya kijana, na nadhani walikuwa wakimbadilisha bila kutuambia, kama sisi tulivyokuwa tukibadilishwa bila kuambiwa yeye. Siku ile ilikuwa ya kizee.

"Mtaa wa Wafuaji," ilisema. "Sufuria zote ambazo mtu mzima anaweza kuketi ndani yake. Ziyeyushwe. Kofia za vita. Mara moja."

Nikaimeza amri, nikapanda gari.

Mtaa wa Wafuaji ulikuwa na kiwanda kimoja cha sufuria, na kwa kuwa wanaume walikwisha kuchukuliwa, kiliendeshwa na wanawake. Mkubwa wao aliitwa Bi Sikudhani. Alikuwa mjane, mpana wa mabega, mikono imejaa alama za cheche, na alinipokea kwa kikombe cha maji ya baridi kabla hajaniuliza nimetumwa na nani. Asubuhi ileile mwanawe wa pekee, Makungu, alikuwa amechukuliwa kwenda vitani. Hilo halikunihusu. Wizara yangu ilishughulika na kofia. Vichwa vilikuwa vya wizara nyingine.

Nikaisema amri. Wanawake wakaacha nyundo.

Inapasa ieleweke sufuria hizo zilikuwa nini. Hazikuwa za kupikia chakula cha nyumba. Zilikuwa za shughuli, za harusi na matanga na hitima, na kila ukoo ulikuwa na yake moja, ukiwaazima majirani zamu kwa zamu. Siku ya shughuli, sufuria za koo nyingi zilikutana kwenye uwanja mmoja, moto chini yake, na ili zisichanganyike kila moja ilipigwa alama kitakoni. Ya kina Sikudhani ilikuwa nukta mbili na mkia. Shughuli ikiisha, chombo kilisuguliwa kwa majivu kikarudishwa kwa mwenyewe, nacho hakikurudishwa kitupu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na haikuhitaji wizara. Aliyekuwa nacho alitia wali. Asiyekuwa nacho alitia ndimu, au chumvi ya kubana kwa vidole. Kurudisha chombo kitupu kulikuwa ni kumwambia mwenyewe kwamba humtakii tena kheri.

"Hii yetu ilipika harusi yangu," Bi Sikudhani alisema, akiipapasa sufuria yake ukingoni. "Ikapika hitima ya mume wangu. Sasa inamngoja Makungu aoe. Niambie, Bwana Mwelekezi. Mnachukua, au mnaazima?"

Amri haikuwa na neno kwa hilo. Nilipaswa kusema hivyo tu: amri haisemi. Lakini jua lilikuwa kali, maji ya yule mama yalikuwa bado kooni, na macho yake yalinitazama kama anayetazama mtu, jambo ambalo sikulizoea.

"Tunaazima," nikasema.

Lilikuwa neno moja. Katika maisha yangu yote ya karatasi, ndilo neno pekee nililoliandika mwenyewe.

"Wakiazima hawa, shoga, watarudisha lini?" akadakia Bi Mashavu, mwanamke mwembamba wa mdomo mrefu aliyesimama kwenye mvukuto. "Hata saa hawana."

Wakacheka wote, hata Bi Sikudhani. Kisha akanisogelea, akakunja uso kidogo.

"Una kovu juu ya nyusi, mwanangu. Ulianguka?"

"Sijui."

"Hujui kama ulianguka?"

"Sijui kama nina kovu."

Nadhani alinihurumia, na kuhurumiwa nako kulikuwa kugeni kwangu. "Basi unalo," akasema. "Dogo. Limekukaa vizuri."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilipapasa. Tindwa aliniuliza kama naumwa na kichwa. Nilikuwa nimefurahi. Naliweka wazi kwa sababu furaha haikuwa sehemu ya kazi, na sikujua mahali pa kuiripoti.

Kazi ilikwenda polepole. Wizara iliudhika, ikanituma nikaangalie kwa nini, nami nikaona. Wanawake wale hawakuchanganya vyuma. Kila sufuria iliingia tanurini peke yake, ikayeyuka peke yake, kalibu za kumiminia chuma zikafutwa, ndipo ikaja ya ukoo mwingine. Na kila kofia ilipopoa, walipiga alama kwa ndani, pale utosi unapogusa. Nukta mbili na mkia. Meno ya msumeno, ya kina Mashavu. Jani. Kwato.

"Hii ya nini?" niliuliza.

"Alama, baba," alisema Bi Sikudhani, kana kwamba nimeuliza moto ni wa nini. "Chombo cha kuazima hakikosi alama."

Nilimweleza Mkuu kwamba ni mapambo. Sauti siku hiyo ilikuwa ya kijana, ikasema mapambo yanainua ari, waachwe.

Na kila nilipokwenda kuchukua shehena, yule mama aliniuliza swali lilelile: "Makungu hajambo huko?" Nami nikajibu lilelile, kwamba vichwa ni vya wizara nyingine. "Haya," alisema. "Ukikutana nao wasalimie." Sikukutana nao. Wizara ya vichwa ilikuwa jengo la pili, mlango wake ulitazama upande wa pili, na sikuwahi kumwona mtu akiingia wala akitoka.

Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri garini. Nilifikiri kwamba kofia ni sufuria iliyofunikwa. Chuma ni kilekile, mviringo ni uleule. Ila sufuria hutazama juu ikingoja itiliwe kitu, na kofia hutazama chini. Nani alikuwa na nguvu ya kuvigeuza vyombo vyote vya nchi vikatazama chini kwa siku moja? Si Mkuu, yeye alikuwa pazia. Si mimi; mimi nilikuwa karatasi. Si Bi Sikudhani, ingawa mikono ilikuwa yake. Nilizunguka nikitafuta mtu aliyegeuza, na kila niliyemgusa alikuwa amegeuzwa. Geuza, nilisema. Nani, mimi? Wewe. Nimeambiwa. Umeambiwa na nani? Na aliyeambiwa. Tindwa aligeuka kunitazama, akanisogezea karanga. Nikala. Pengine dola ni hiyo tu, nilifikiri, ni neno linalopita vinywani likimtafuta mwenyewe, lakini karanga zilikuwa za chumvi nyingi na fikra ikanikatika.

Amri ya pili sijui ilikuja mwaka uliofuata au wiki iliyofuata. Sauti ilikuwa ya kizee tena, au ya yule kijana aliyezeeka.

"Kofia zinarudi. Ziyeyushwe. Sepetu. Vita vimeingia hatua ya kuchimba."

Kuchimba nini, haikusema, nami sikuuliza. Safari hii gari letu lilifuatwa na lori, na ndani ya lori mlikuwa na magunia, na katika kila tuta magunia yaligongana kwa sauti ya vyombo jikoni. Wanawake wa Mtaa wa Wafuaji waliisikia sauti hiyo kabla hawajatuona. Tulipofika wamekwisha kutandika mikeka. Wengine walikuwa wamejifunga kanga safi.

Walidhani wanarudishiwa.

Magunia yakamwagwa. Hapakuwa na kilio. Walipiga magoti wakaanza kuchambua, kila mmoja akizungusha kofia kwenye mwanga, akitazama utosini, akimpitishia mwenziwe: "Hii yako, Mashavu." "Hii ya kina jani." "Shoga, yako hii hapa." Walifanya kama walivyofanya asubuhi zote za baada ya shughuli, na kwa kitambo ilikuwa kama shughuli kweli, ikawa kama kuna mahali harusi imekwisha na watu wameshiba.

Bi Sikudhani akapata ya kwanza yenye nukta mbili na mkia. Akapata nyingine. Sufuria yake ilikuwa kubwa, ilitoa kofia nyingi, na nyingi zilirudi. Alizipanga magotini pake. Akaichukua moja akaiinua hadi puani.

"Mafuta ya nazi," akasema.

Akaipitisha puani mara ya pili.

"Kuna mtu alimpaka mwanawe mafuta ya nazi siku ya kuondoka," akasema tena, taratibu. "Harufu bado imo. Yeye hayumo."

Niliona inanipasa kusema kitu. "Si lazima iwe ya Makungu, mama. Kofia ziligawiwa kwa yeyote."

"Najua. Unadhani sijui?" Aliniinulia macho. "Nilimwombea kila aliyevaa. Sikumjua, nikamwombea, kwani chombo changu kilikuwa kichwani kwake. Kila jioni. Chombo ni changu, Bwana Mwelekezi. Mmenirudishia kitupu."

"Vyote vitupu," Bi Mashavu alisema. Utani ulikuwa umemtoka kabisa. "Hata chumvi? Hamkuwa hata na chumvi ya kubana?"

Nikaisema amri. Ndiyo kazi. Ziyeyushwe, sepetu, mara moja. Maneno yalitoka sawasawa, hakuna lililopungua, nayo yakaanguka pale mkekani katikati ya kofia. Wanawake waliketi. Hawakukataa, hawakupiga kelele, waliketi tu, kila mmoja na vyombo vyake mapajani, na nyuma yao moto wa tanuri ukaanza kushuka kwa kukosa mtu wa mvukuto.

"Nani alisema tunaazima?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Serikali..."

"Sikuuliza serikali. Nilikuuliza pale, umesimama palepale uliposimama sasa, maji yangu mkononi. Nani alisema?"

Tindwa aliacha kutafuna. Nilitafuta amri kichwani, nikapitia zote nilizowahi kuzibeba, na neno lile halikuwamo katika hata moja.

"Mimi," nikasema.

"Basi aliyeazima ni wewe. Serikali haina mikono, haiwezi kubeba chombo kumrudishia mtu. Wewe unayo." Akanyoosha ile kofia iliyonukia mafuta ya nazi. "Tia kitu."

Nilipapasa mifuko. Nataka ijulikane kwamba nilipapasa kweli, yote, ya suruali na ya koti. Yalitoka maganda ya karanga. Miaka yote ile, kama ilikuwa miaka, nimeingia viwanda vyote vya nchi, nimetoa chuma na vioo na saa na karatasi kwenye mikono ya watu, na sikuwa na kitu kimoja cha kumtilia mwanamke ndani ya chombo chake. Niliona aibu. Aibu ilinipanda kutoka miguuni, ya moto, na nilishangaa kwamba bado inaijua njia.

"Sina, mama."

"Sogea."

Nikasogea. Bi Sikudhani alisimama, akaigeuza kofia, akanivika. Akaishika kwa viganja vyote viwili, akaitikisa kidogo kulia na kushoto kama anavyofanya mtu anayejaribu kifuniko. Ilinikaa barabara.

"Inamtosha," akawaambia wenziwe.

Bi Mashavu alinyanyuka akaja kunitazama kwa karibu. "Makungu hakuwa na kovu," akasema.

"Amelipata huko," akajibu Bi Sikudhani.

Akanishika mkono, tukaondoka. Nyuma yangu niliwasikia wakinyanyuka mmoja mmoja. Nilipogeuka, Bi Mashavu alikwisha kuchagua kofia yenye meno ya msumeno naye alikuwa akimtazama Tindwa kichwa, kwa lile jicho la mtu anayechagua tikiti sokoni. Karanga zilikuwa zimemwagika chini. Wapakuzi wa lori walirudi hatua kadhaa, wakakuta lori lao mgongoni, wakasimama.

Ningeweza kuivua. Kofia haikuwa na kufuli. Nilijua pia kwamba Wizara haitanitafuta. Karatasi ikipotea hutumwa nyingine, na huyo mwingine atafika na sepetu zake mdomoni, atapewa maji. Nilimfikiria Makungu wa kweli. Pengine yu chini ya udongo, ndiyo maana ya sepetu. Pengine yu mtaa mwingine, kavikwa chombo kisicho cha kwao, anaongozwa kwa mkono na mwanamke asiyemjua, na hapo mlangoni kwao anafikiri ninachofikiri mimi. Nilitamani iwe hivyo. Nilitamani mpaka machozi yakanitoka, na chini ya ile kofia harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa kali, ya mtoto wa mtu.

"Usidhani nimechanganyikiwa," Bi Sikudhani alisema bila kunitazama. "Macho ninayo."

"Ndiyo, mama."

"Na siku yeye akirudi, utampisha kitandani."

"Nitampisha."

Tulifika. Nyumba ilikuwa ya chumba na ukumbi, na mahali ile sufuria ilipokuwa ikikaa palibaki duara safi sakafuni. Aliniacha nje, akaingia peke yake, kwa kuwa anayerudi haingii tu, huitwa na aliyemo. Nilimsikia akisogeza kitu, akipuliza moto. Kisha kukawa kimya. Nilijua ndani mle anajaribu kulisema jina na halitoki.

Likatoka.

"Makungu!"

Nilisimama kizingitini na chombo chake kichwani. Hakuna amri yoyote niliyokuwa nayo mdomoni.

"Naam, mama," nikaitika.